Mashine ya Tisa na Mwezi wa Tano

Kila siku ya kazi, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, opereta wa kompyuta kuu ya Ofisi ya Vizazi alivua viatu mlangoni, akavaa ndara za mpira, akaketi mbele ya skrini nyeusi na kuandika amri ya herufi sita. Amri hiyo ilikuwa na kazi moja tu: kuitaka kompyuta itaje mashine zake za tepu, moja baada ya nyingine, kila moja na namba yake, hali yake, na kama ina tepu ndani au haina. Kompyuta ilitaja nane. Opereta alichapisha orodha, akazifuta vumbi mashine zote nane kwa kitambaa kikavu, akatia sahihi, na mkuu wa kitengo akagonga muhuri. Hapo ndipo ofisi nzima ilihesabu kwamba kumekucha.

Mwishoni mwa amri ile kulikuwa na neno la nyongeza, lililoiambia kompyuta iziache kando mashine zilizozimwa. Kwa nini liwepo, hakuna aliyewahi kuuliza. Opereta aliyemtangulia alikuwa ameliandika kwenye kikaratasi na kukibandika pembeni mwa skrini, na yeye pia alikuwa ameachiwa hivyohivyo na aliyemtangulia. Kwa miaka kumi na mmoja opereta wetu aliliandika neno hilo bila kulifikiria, kama mtu anavyofunga kifungo cha mwisho cha shati huku akiongea na watu.

Jumanne hiyo alilisahau. Alikuwa na furaha ya kumsahaulisha mtu kila kitu. Saa tano asubuhi alikuwa na ruhusa ya kutoka, aende na kaka yake kwa msajili wa ndoa kumwomba awaongezee siku, na kaka yake alikuwa amenyoa ndevu.

Kaka huyo alikuwa mwashi, mtu wa miaka arobaini na saba, mwenye viganja vya kukwaruza na aibu ya msichana. Kwa miaka minne alikuwa akipita kila jioni mbele ya kibanda cha fundi cherehani mmoja, akiwa na suruali isiyo na tatizo lolote, akiomba ishonwe. Mwaka wa tano fundi cherehani aliweka mkasi chini na kumwambia, "Suruali yako imekwisha kushonwa mpaka imechoka. Sema unachotaka." Akasema. Akakubaliwa papo hapo, kwa sharti moja: mambo yaende kisheria, kwa cheti, na si kwa maneno.

Sasa ombi lao la ndoa lilikuwa linakufa Ijumaa. Likifa, kanuni ilisema wasubiri miaka mitatu ndipo waombe tena. Kila kitu kilikuwa tayari, mashahidi, picha, fomu za pande zote mbili. Kilichokosekana ni kimoja tu. Bwana harusi hakuwa amezaliwa.

Hili halikuwa jambo la ajabu. Miaka kumi na tisa nyuma, Ofisi ya Vizazi ilihamisha madaftari yake ya karatasi kwenda kwenye tepu, na karatasi zikasagwa zikatengenezwa kuwa trei za mayai. Tangu siku hiyo, mtu yeyote aliyezaliwa mwezi wa tano wa mwaka aliozaliwa mwashi alipofika kaunta alijibiwa kwa upole uleule. Mwashi alikuwa amekwenda mara tisa.

"Mwaka ule, mwezi wa tano hakuzaliwa mtu," karani alimwambia.

"Na mimi?"

"Wewe pia hukuzaliwa. Pole sana."

Basi wakaishi hivyo, watu wa mwezi wa tano. Walijenga nyumba zilizoandikwa majina ya wengine. Watoto wao waliandikishwa kwa majirani. Opereta mwenyewe alikuwa amemtafuta kaka yake katika mashine zote nane, kwa kuibia dakika za mapumziko, zaidi ya mara mia. Mwezi wa nne uliishia tarehe thelathini, na mstari uliofuata ulikuwa tarehe mosi mwezi wa sita. Alipomwuliza mkuu, mkuu alisema kuna miezi ambayo watu hupumzika.

Jumanne hiyo, basi, opereta aliandika amri, akabonyeza, orodha ikateremka. Aliipitia kwa kidole akapata tisa. Akaanzia chini kwenda juu, akapata tisa. Kati ya mashine ya saba na ile iliyokuwa ya nane siku zote palikuwa na mstari mpya, wenye namba yake kamili, tisa, na mbele ya namba paliandikwa: imezimwa. Na mbele zaidi, kwenye safu ya mwisho: tepu imo.

Akageuza kiti. Mashine ilikuwepo. Ilikaa mahali pake kati ya mbili za pembeni, ya rangi ya majivu, kubwa kuzidi wenzake kwa kichwa kimoja, na chumba kilikuwa kimejinyoosha ili kuipatia nafasi. Mlangoni alisimama mfagizi, mama wa makamo, ameegemea fimbo ya deki.

"Mwanangu, mmeniongezea vigae," alisema. "Chumba hiki nakijua, vigae arobaini. Leo nimepiga deki arobaini na sita. Mkiongeza chumba muwe mnatuambia, tuje na ndoo ya pili."

"Samahani, mama. Na mimi nimeiona sasa hivi."

"Na ina vumbi la miaka!" mfagizi alisema, akaenda kubadilisha maji.

Kanuni ya kazi ilikuwa wazi. Kila mashine iliyotajwa kwenye orodha lazima ifutwe vumbi na ijaribiwe kusoma kabla ya saa nne. Opereta akaifuta. Vitambaa vitatu viliisha. Cha nne kilipopita kwenye kidirisha cha mlango wa tepu, maandishi yalijitokeza kwa wino wa buluu, ya mkono, yenye mikia mirefu: Vizazi, mwezi wa tano. Na mwaka. Mwaka wenyewe!

Alirudi kwenye kibodi mbiombio, ndara moja ikabaki nyuma, akaandika amri ya kuiwasha mashine huku akikosea herufi na kufuta na kuandika upya. Kisha akaomba orodha tena. Imezimwa. Akaomba tena. Iko tayari. Akaomba mara ya tatu, na mstari ulisema: inasoma.

Mashine ya tisa haikuwa na spika. Hata hivyo, pale penye mlango wa tepu pakatoka kilio cha mtoto mchanga, kikali, kisicho na haya, na baada yake sauti ya mwanamke aliyechoka ikisema, "Wa kike. Andika." Kikafuata kilio cha pili. Tepu ilikuwa na vilio elfu tatu mia moja na kumi na nane, vimepangwa kwa tarehe na saa, na mashine ilivitoa kimoja kimoja, bila pupa.

Dakika kumi baadaye mtu wa kwanza aligonga mlango. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mkononi bado ana chaki. Alisema alikuwa ubaoni, katikati ya mlinganyo, akasikia anazaliwa, akaona si adabu kutofika. Nyuma yake alikuja dereva wa lori, halafu mwuza miwani, halafu mapacha wa kiume wenye vipara waliokuwa wakibishana tangu ngazi za chini ni nani kati yao mkubwa. Mashine ilikata shauri palepale. Yule aliyeitwa mdogo maisha yake yote ndiye aliyetangulia, na mwenzake akamwachia kiti.

Walikuja kwa mpangilio wa vilio vyao. Kufikia saa tatu na nusu foleni ilikuwa imeshuka ngazi, imezunguka jengo, imepinda kwenye duka la picha na kuvuka barabara. Hakuna aliyesukumana. Mtu akifika kwenye mashine alisikiliza kilio chake kofia ikiwa mkononi, akacheka, au akajifuta macho, akasogea ukutani awapishe wengine. Mama mmoja mnene, mpishi wa shule, alisikiliza chake kisha akasema kwa fahari, "Mnaona? Sauti ninayo tangu zamani." Chumba kizima kikaangua kicheko.

Opereta hakuweza kukaa. Alikuwa anahesabu tarehe. Tarehe saba, tarehe nane. Kaka yake alikuwa wa tarehe kumi na moja, alfajiri. Alikwenda dirishani, akarudi kwenye skrini, akaenda tena dirishani, na hapo akamwona: anakuja katikati ya barabara, ametoka kwenye jukwaa la ujenzi moja kwa moja, udongo wa saruji mpaka kwenye viwiko, na mwiko wake bado mkononi. Anakimbia! Opereta hakuwahi kumwona kaka yake akikimbia tangu wakiwa watoto.

"Mdogo wangu," alisema alipoingia, akihema. "Kuna nini? Nilikuwa napanga tofali, mara nikasikia baridi, halafu nikasikia naitwa."

"Nyamaza, kaka. Njoo hapa karibu. Wewe ndiye unayefuata."

Kilio kikatoka. Kilikuwa chembamba, cha kusitasita, kama cha mtu anayeomba radhi kwa kusumbua, na opereta angekijua popote. Na chini yake, kwa mbali, ikaja sauti nyingine. Mama yao alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Kwenye tepu alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, na alikuwa anacheka.

"Mpeni mkunga maji," mama alisema. "Amepiga kelele kunishinda mimi."

Basi. Hayo tu. Kilio kilichofuata kilikuwa cha mtu mwingine. Opereta alilia waziwazi, bila kujificha, na huku analia alikuwa anacheka, kwa sababu mama yao alikuwa vilevile, hata pale. Mwashi aliuweka mwiko mezani. "Kumbe nilizaliwa kweli," alisema, na alisema hivyo taratibu, kama mtu anayeonja chakula kujua kama kina chumvi.

Fundi cherehani alifika muda si mrefu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Aliambiwa habari ngazini na watu watatu tofauti, wakipokezana.

"Wifi, ni kweli?" alimwuliza opereta.

"Kweli, wifi. Amelia mbele yetu sote. Mashahidi ni hawa, wamejaa mpaka barabarani!"

Fundi cherehani akamshika mwashi mashavu yote mawili, mbele za watu, akamwangalia vizuri. Alikuwa mwanamke asiyejua kubembeleza. "Ijumaa," alimwambia, na watu waliokuwa ukutani wakapiga makofi.

Mkuu wa kitengo aliingia saa nne kamili na muhuri wake, kuja kuigonga orodha. Alikuwa mtu nadhifu, mpole, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Aliwapisha watu kwa kusema samahani, akaisogelea mashine ya tisa, akainama kusoma maandishi ya kwenye tepu.

"Huu ni mwandiko wangu," alisema. "Tazama hizo herufi. Siku hizi mkono unatetemeka."

Aliomba daftari la zamu la miaka kumi na tisa nyuma, na opereta akalishusha kutoka juu ya kabati. Ukurasa ulipatikana bila taabu. Ulisomeka hivi, kwa mikia mirefu ileile: Tepu ya mwezi wa tano inasomeka polepole na inachelewesha taarifa ya mwaka. Mashine ya tisa izimwe, na isitajwe kwenye orodha, mpaka taarifa itoke. Chini yake hapakuwa na neno lingine.

"Na taarifa ilitoka?" opereta aliuliza.

"Ilitoka mapema," mkuu alisema. "Ilikuwa taarifa nzuri sana. Tulipongezwa."

"Na mashine?"

Mkuu alifikiri kwa uaminifu. "Hakuna aliyeiuliza," alisema. "Haikuwa kwenye orodha."

Watu wa ukutani walitikisa vichwa. Jibu lilikuwa la kueleweka, wengi wao waliwahi kufanya kazi ofisini. Opereta peke yake hakutikisa. Alimwambia mkuu, mbele ya wote, kwamba kaka yake amekwenda kaunta mara tisa, na mara zote tisa mashine hii ilikuwa hapa, hatua ishirini kutoka kaunta, na tepu imo. Mkuu akasema ana haki kabisa ya kukasirika. Akasema zaidi ya hayo, kwamba kosa ni lake na atalirekebisha leo hii, wala hatakwenda kula mpaka wamalize.

Chumba kililipuka kwa vigelegele. Mpishi wa shule ndiye aliyeanza, na kwa kweli sauti anayo. Mwalimu wa hesabu alijitolea kuwapanga watu. Mfagizi aliitwa alete viti, na mkuu akakunja mikono ya shati, akafungua kisanduku cha vyeti vipya, akaanza. Alifanya kazi hiyo vizuri na kwa moyo. Kufikia saa kumi na moja jioni alikuwa ameandika na kugonga vyeti elfu tatu mia moja na kumi na nane, bila kukosea jina hata moja, na kidole gumba kilimvimba.

Kila cheti kilikuwa na jina kamili, la baba, la mama, na mahali. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa Jumanne hiyo.

"Mkuu," opereta alisema, akiwa na cha kaka yake mkononi. "Hapa umeandika leo."

"Ndiyo. Mwaka ule ulishafungwa, taarifa yake imeshapigwa muhuri. Mwaka uliofungwa haufunguliwi, hilo unalijua. Kizazi kinaandikwa katika mwaka ulio wazi, siku kinapoifikia ofisi." Alimpa kalamu. "Weka sahihi hapo, kwenye aliyemleta mtoto."

Opereta alitazama foleni. Watu walikuwa wanatoka na vyeti vyao wameviinua juu ili wino ukauke, wanapeana mikono, mapacha wamekumbatiana. Mwashi alikuwa dirishani anamwonyesha fundi cherehani jina lake kwa kidole, na herufi za mama yake. Wote wawili walikuwa wanacheka. Akatia sahihi.

Jumatano mashine ya tisa ilianza kuchelewesha taarifa ya mwaka huu, na mkuu akaiandikia mistari miwili kwenye daftari, ikazimwa. Safari hii mfagizi alisema chumba kisirudi kilivyokuwa, kwa sababu ameshaizoea ndoo ya pili. Kikabaki.

Ijumaa walikwenda kwa msajili wa ndoa. Msajili alikisoma cheti, akasimama, akampa mwashi mkono.

"Hongera kwa kuzaliwa," alisema. "Kwa kweli nimefurahi. Nilikuwa nakuonea huruma." Akaketi. "Sasa sheria inamtaka mwoaji awe ametimiza miaka kumi na minane. Bwana hapa ana siku tatu. Ombi hili nalifunga, lakini mlango haujafungwa. Amebakiza miaka kumi na saba na siku mia tatu sitini na mbili."

"Na huko kote nilikokuwa?" mwashi aliuliza. "Hizo arobaini na saba?"

"Hizo hazimo," msajili alisema. "Ila usijali, umri wenyewe unakwenda mbio."

Opereta alianza kuzungumza, akaongea sana, akataja mashine, tepu, daftari, mwandiko. Msajili alimsikiliza mpaka mwisho na kumwambia kwamba anamwamini kwa kila neno. Fundi cherehani alikunja fomu ya zamani mara nne, akaitia kwenye mkoba, akamshika mwashi mkono wakatoka. Kwenye ngazi ndipo mwashi alipogundua kwamba nyuma ya cheti kuna maandishi madogo: mtoto apelekwe kliniki ndani ya siku saba, la sivyo cheti ni batili.

Jumatatu asubuhi kliniki ilikuwa imejaa mpaka nje. Kina mama walikuja na wachanga wao migongoni, na kati yao, kwenye mabenchi yaleyale, walikaa watu wa mwezi wa tano na kadi zao za rangi ya waridi. Dereva wa lori alikuwa amemshikia mama mmoja mtoto, anambembeleza. Mpishi wa shule alikuwa ameshachanjwa na anawaambia wengine haiumi. Palikuwa na shangwe, opereta hawezi kukataa. Kila aliyepanda mizani na kutajiwa uzito wake alishangiliwa, na nesi aliandika kilo tisini na mbili, anaendelea vizuri, bila kuinua macho.

Ikafika zamu ya mwashi. Alivua viatu, fundi cherehani akavipokea. Alipanda mizani akasimama wima, mikono ubavuni, amekaza macho ukutani.

"Sabini na moja," nesi alisema. "Vizuri. Nani amemleta?"

"Mimi," fundi cherehani alisema.

"Wewe ni nani wake?"

"Mchumba wake."

Nesi aliitazama kadi mbele na nyuma. "Mama, hapa kuna nafasi tatu tu," alisema. "Mama, baba, au mlezi. Nikiacha wazi, hatachanjwa, na cheti chake kinakufa."

Opereta alitaka kusema aandikwe yeye. Alikuwa ameshafungua mdomo, lakini nesi alisema dada hahesabiki, na nyuma yao foleni ilikuwa inasogea. Kwenye mizani mwashi aligeuka, akamwangalia mchumba wake. Fundi cherehani alikuwa anasoma kadi kwa makini, mpaka maandishi madogo ya chini kabisa, yale yanayosema kwamba aliyeandikwa mlezi ni mzazi mbele ya sheria, siku zote, hata mtoto akishafika umri wa kuoa. Aliyasoma mara mbili.

"Andika mlezi," alisema.

Nesi akaandika na kumwita mwashi chumba cha sindano. Fundi cherehani akaketi kwenye benchi kati ya kina mama, viatu vya mwashi mapajani, akaanza kuzifungua kamba zake taratibu, ili akitoka avivae bila kuinama.